Mtandio wa Taa wa Bi Twaiba

Safari hii Bi Twaiba alirudishwa nyumbani na dereva wa trekta la miwa. Kabla yake walikuwa wamemrudisha vijana wa bodaboda, na mara moja mchuuzi wa samaki wa Gazi, lakini huyu wa trekta ndiye aliyemtisha Swabir, kwa sababu alishuka bila hata kuzima injini.

"Huyu ni mama yako?"

"Ni mama yangu."

"Basi mshukuru Mungu. Buibui jeusi, lami nyeusi, na jua limekwisha kuzama. Nimemwona kwa sababu aligeuza uso. Asingegeuka, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine."

Bi Twaiba alisimama kati yao akiwatazama kama mgeni aliyekuta watu kwenye mazungumzo yao. "Mpeni maji kijana huyu," akasema. "Ameshinda kazini." Kisha akavua viatu na kuingia ndani, kipochi chake kikiwa bado kwapani.

Ilikuwa hivyo kila magharibi. Watu wanapokwenda kutawadha, Bi Twaiba hukumbuka kwamba mama yake anamngoja Gazi, kwao alikozaliwa. Huyo mama alikuwa amekufa tangu Swabir hajaota meno, lakini hilo halikumpunguzia Bi Twaiba haraka. Alijitanda buibui lake, akachukua kipochi, akashika barabara kuu kuelekea kaskazini, upande wa kushoto, asitazame nyuma.

Walikuwa wamejaribu mengi. Mishi, mke wa Swabir, alimnunulia kanzu nyeupe ili magari yamwone. Bi Twaiba aliikunja akamrudishia na kumwambia kwamba sanda yake ataivaa siku yake ikifika. Swabir akaazima koti la kung'aa la bodaboda. Mama alilivaa bila ubishi, akatoka nalo, na njiani akamkuta mwuza mkaa amelowa mvua, akalivua akampa. Siku moja walifunga mlango kwa ufunguo. Bi Twaiba aliupiga kwa viganja mpaka vikavimba, akiwaita majirani wamfungulie, mmoja mmoja kwa jina, na wengi wa aliowaita walikuwa wamekwisha kuzikwa. Baada ya hapo Swabir aliutupa ufunguo ndani ya mtungi wa maji, akasema hatofunga mlango tena.

Jioni ile ya trekta, Abdulrahim, mdogo wake Swabir aliyekaa Mombasa, alipiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia kabla trekta halijafika Ramisi.

"Kaka, Ijumaa nakuja kumchukua mama."

"Umpeleke wapi?"

"Kwangu. Niko ghorofani, mlango una geti la chuma. Hatoki mtu."

"Mimi sitaki mama afungiwe."

"Nami sitaki kuja kumwokota barabarani. Wewe una njia gani nyingine?"

Swabir alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda karibu na njia panda ya Msambweni, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Ugonjwa wake mkubwa, na mwenyewe alikuwa akiukiri, ni kwamba mdomo wake ulitangulia kazini, mikono ikafuata baadaye ikihema. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hana njia. Lakini alijisikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga mambo:

"Namshonea mtandio unaowaka taa."

"Unaowaka nini?"

"Taa. Zimeshonwa ndani ya nguo. Siku hizi ni kitu cha kawaida, Abdulrahim. Njoo Ijumaa uuone."

Mishi, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua macho, akamtazama mumewe, akarudi kwenye mchele wake. Walikuwa wameoana muda mrefu. Hakuona haja ya kuuliza.

*

Taa hizo Swabir alikuwa ameziona kweli, mara moja, kwenye hoteli moja ya Galu alikopeleka foronya za mito. Msimamizi wa vyumba, Hannah, mwanamke wa bara mwenye maneno ya haraka, alimwonyesha mkoba alioachiwa na mgeni. Ulikuwa wa kitambaa, umetariziwa maua, na katikati ya kila ua kulikuwa na kitaa kidogo kama punje ya mtama. Hapakuwa na waya. Umeme ulipita ndani ya uzi wenyewe, uzi wa kijivu, laini, unaopita kwenye sindano kama uzi mwingine. Swabir aliugeuza mkoba mara mbili akasema, "Hii ni kazi ya asubuhi moja." Hakuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo.

Kesho ya ile simu alirudi kwa Hannah, kofia mkononi.

"Aki fundi, huo uzi mgeni alikuja nao kutoka kwao," Hannah alimwambia. "Huku hautapata. Ama uagize onlaini."

"Utafika lini?"

"Mwezi hivi. Ama miwili, vile watu wa forodha wataamka. Si ulisema ni kazi ya asubuhi moja?"

"Nilisema asubuhi," Swabir akajibu. "Sikutaja ya lini."

Akaenda Ukunda, kwenye duka kubwa la vifaa vya ushonaji. Mwinga, mwenye duka, alimkaribisha vizuri, maana Swabir alikuwa mteja wake wa miaka.

"Leo nataka uzi unaopitisha umeme."

"Unaopitisha nini?"

"Umeme."

Mwinga aliweka chini mkasi. Ndani ya duka walikuwemo wanawake watatu wakichagua lesi, nao wakaacha kuchagua. "Bwana Swabir, uzi wangu mimi hupita kwenye sindano tu. Kama ni uzi wa kufanyia mambo mengine, wa kufunga mtu au kumfungua, nyuma ya soko yuko mzee anauza. Mimi sijihusishi na hayo."

"Si uganga, Mwinga. Ni taa."

"Ndiyo, ndiyo," Mwinga alisema kwa upole, kama anayemwitikia mgonjwa. "Taa."

Mmoja wa wale wanawake alimvuta mwanawe karibu. Swabir, ili asitoke mikono mitupu, alinunua kibunda cha zari, uzi ule wa rangi ya dhahabu unaotiwa kwenye shingo za kanzu na mapambo ya harusi. Aliona unang'aa, akajiambia kwamba kinachong'aa hivi lazima kina chuma ndani yake.

Kwa Tsofa, fundi wa simu na redio aliyekuwa na kimeza nje ya stendi, alipata vitaa vilivyochomolewa kwenye tochi zilizokufa, na betri zile bapa za saa. Hayo yalikuwa rahisi. Tsofa alimwonyesha jinsi kitaa kinavyotaka mguu mmoja upande huu wa betri na mguu mwingine upande ule, kwa hiyo nguo itahitaji nyuzi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na zisigusane. Swabir aliitikia kwa kichwa kila sentensi kama aliyekuwa akijua tangu utotoni. Kisha akatoa zari yake. Tsofa akakata nyuzi mbili, akaunga betri ncha za huku na kitaa ncha za kule. Kitaa hakikuwaka. Akajaribu tena. Akaukwaruza uzi kwa ukucha, na rangi ya dhahabu ikatoka kama magamba ya samaki.

"Plastiki, kaka. Imepakwa rangi tu."

"Nilidhani," akasema Swabir.

"Ulidhani?"

"Nilitaka tu kuhakikisha."

Tsofa akacheka mpaka akashika meza. Akampa waya za hedifoni mbovu. Swabir alizishona kwenye pindo la kitambaa jioni ile ile, zikakaa vizuri, kitaa kikawaka, akawaita Mishi na jirani waje waone. Mishi akaikunja nguo namna mtandio unavyokunjwa, akaikunjua. Kitaa kikazima. Vile viwaya, vyembamba kuliko unywele, vilikuwa vimekatika ndani.

"Kwa mtu asiyesogea kingefaa," akasema Mishi.

*

Siku iliyofuata Swabir alipata wazo jipya, na wazo hilo lilikuwa jikoni kwake. Aliichukua stilwaya ya kusugulia masufuria, akaanza kuivuta na kuisokota pajani kama wanawake wanavyosokota ukindu. Ilimchoma vidole, lakini ikawa uzi. Uzi mbaya, wenye manyoya, ila wa chuma kweli, hakuna wa kukataa. Aliushona katikati ya kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka kwa kazi hiyo, akajifunika nacho mapajani pale kwenye mkeka. Betri za saa aliona ni ndogo mno kwa uzi hodari kama huo. Akatoa ile betri ya mraba ndani ya redio, akaigusisha.

Uzi uliwaka. Si kitaa, ni uzi wenyewe. Cheche nyekundu ilikimbia kwenye mshono kama sungusungu, ikala kitambaa, ikashuka kwenye kikoi, na Swabir akaruka juu akijipiga mapaja kwa mikono miwili. Mishi alitokea na sufuria ya maji ya kuoshea mchele, akammwagia yote kuanzia kiunoni.

Bi Twaiba alikuwa amekaa mlangoni akiangalia. "Huyu mtu anaungua," alimwambia Mishi. "Ni nani?"

"Ni Swabir, mama. Mwanao."

"Lo. Nilimzaa akiwa mzima."

Swabir alikaa chini akiwa amelowa, punje za mchele zimemganda miguuni, kikoi kina tundu pahali ambapo mtu mzima hapendi tundu. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia, akafunika uso kwa kile kitambaa kilichoungua. Mishi akakaa kando yake.

"Mwache Abdulrahim amchukue," akasema taratibu. "Si aibu. Umejaribu."

"Atapiga mlango ule wa chuma, Mishi. Kila magharibi. Na mimi sitakuwepo kumsikia."

Mishi aliokota punje za mchele mguuni mwa mumewe, moja moja, akizirudisha kwenye sufuria.

*

Alhamisi Swabir alirudi kwa Tsofa, safari hii bila majivuno, maana paja lilikuwa limeungua na hata kuchechemea kwake kulimsema. Tsofa alichukua tena kile kibunda cha zari, akakizungusha mkononi.

"Bibi yangu wa Kinango alikuwa na shuka ya zari. Ukiiacha chumbani inaingia weusi kama kijiko cha zamani. Ile ilikuwa ya madini ya fedha. Si hizi. Tafuta ya zamani."

"Nitaipata wapi ya zamani?" Swabir akauliza, na kabla hajamaliza kuuliza alikuwa amekwisha kujua, na moyo ukamshuka mpaka kwenye lile jeraha la pajani.

Joho la marehemu baba yao lilikuwa kibandani kwake. Abdulrahim alikuwa amelileta atengenezewe bitana ya ndani, kwa sababu mwanawe mkubwa angelivaa siku ya nikaha. Lilikuwa joho jeusi la sufu, na shingoni mpaka kifuani lilijaa zari iliyoshonwa mkono, nzito, yenye weusi kidogo kwenye mikunjo. Swabir alifunga mlango wa kibanda, akaunga betri na kitaa kwenye mistari miwili ya zari. Kitaa kikawaka mara moja, cheupe, bila kusitasita.

Alilipeleka nyumbani chini ya kwapa. Mishi alilitazama joho, akamtazama yeye.

"Ukilifumua joho la marehemu, Abdulrahim atakufumua wewe."

"Najua."

"Na mtoto atavaa nini?"

"Sijui," akasema Swabir, na neno hilo lilimshangaza mwenyewe.

Alikaa mlangoni penye mwanga, akashika wembe, akaanza kuvuta uzi wa kwanza. Ulikatika. Akavuta wa pili, nao ukakatika. Bi Twaiba alikuwa pembeni yake. Katika ujana wake alikuwa akishona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono, na watu walikuwa wakizifuata kutoka Vanga. Alitazama kwa muda, kisha akamnyang'anya nguo.

"Unavuta kama unang'oa muhogo."

Aliingiza ncha ya sindano chini ya mshono wa kushikilia, akaukata huo mdogo tu, na zari yenyewe ikainuka nzima nzima, ikatoka ndefu, ikajikunja mapajani mwake. Vidole vyake havikuwa vimesahau chochote. Swabir alikuwa akipokea na kuzungushia kwenye kijiti cha uzi.

"Hili la nani?" Bi Twaiba akauliza.

"La baba, mama."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Basi huko alikokwenda hakuna baridi," akasema, akainua mshono mwingine.

*

Mtandio ulikwisha Ijumaa alasiri. Swabir alikuwa ametia zari mbili kwenye pindo, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na baina yao kipande cha leso ili zisigusane. Vitaa vilifuata ukingo wote. Betri zilikaa ndani ya mfuko mdogo begani, na swichi ilikuwa kifungo cha kubonyeza. Ulikunjwa, ukakunjuliwa, ukawaka. Swabir aliutandaza mbele ya mama yake kama anayefungua bidhaa kwa tajiri.

Bi Twaiba aliubonyeza, ukawaka, akaubonyeza, ukazima.

"Mimi nimekuwa hoteli?"

"Ni wa barabarani, mama. Ili magari yakuone."

"Nionwe na magari, nikiwayawaya na taa kichwani, mke wa mtu. Vaa wewe. Wewe ndiye unayependa kuonekana."

Akasukuma mtandio kando, akaomba chai. Swabir alikuwa bado amepiga magoti pale Abdulrahim alipoingia uani na kutoa salamu.

Aliamkia mama yake, akambusu mkono. Mama alimwuliza kama ni daktari. Kisha Abdulrahim akauona mtandio, akauona uzi wake, na macho yake yakaenda polepole mpaka kwenye msumari, ambako joho la baba lilitundikwa, shingo tupu, jeusi, kama shuka la kawaida.

"Swabir," akasema. "Hilo si lile."

"Ndilo."

"Zari iko wapi?"

Swabir akaonyesha kwa kidevu.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na hakikuwa kizuri. Abdulrahim alisema hili ndilo lililobaki la baba, na lilikuwa kweli. Swabir alisema mama pia ndiye aliyebaki, na hilo nalo lilikuwa kweli. Abdulrahim alimwuliza mama anauvaa huo mtandio au hauvai. Swabir alisema atauvaa. Abdulrahim akasema, "Amekwambia atauvaa?" Swabir akasema, "Amesema mimi ndiye niuvae," na hata katikati ya ugomvi aliona lilivyo jibu la kijinga. Mishi aliingia kati akiwaomba wapunguze sauti, majirani wanasikia. Adhana ya magharibi ikaanza. Hapo ndipo wote watatu walipogeuka, wakaona kikombe cha chai kando ya mlango na kiti kitupu.

Abdulrahim alikimbilia gari lake, akaligeuza kusini, kuelekea Ramisi. Hakujua, hakuwahi kuwepo jioni hizo. Swabir alichukua kilichokuwa karibu na mkono wake, ule mtandio, akakimbia kaskazini kwa miguu, na alipofika lami aliona giza limekwisha kushuka na hana tochi. Akajifunika mtandio kichwani, akabonyeza kifungo.

Alijijua anavyoonekana. Mwanamume mwenye ndevu, anachechemea, amejitanda mtandio wa kike unaowaka ukingo mzima, anakimbia pembeni mwa barabara kuu kama bibi harusi aliyeachwa na bwana harusi. Gari la kwanza lilipunguza mwendo. La pili likasimama kabisa, na mtu akatoa kichwa dirishani kuuliza kama mbele kuna kizuizi.

"Mama yangu yuko mbele," Swabir akajibu, akapita.

Alimwona baada ya kona ya minazi. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kivuli ndani ya kivuli, na mbele yao zilikuwa zinakuja taa za trela. Swabir aliita. Bi Twaiba akageuka, akaziona taa za mtandio, na zikampendeza; akashuka kwenye lami kuzifuata. Swabir hakufikiri. Aliingia katikati ya barabara, akatanua mikono na mtandio wote, akasimama hapo akiwaka. Breki zikalia kwa muda mrefu. Harufu ya mpira ikajaa. Trela likasimama, na gari lililokuwa nyuma ya Swabir likasimama pia, na Bi Twaiba akavuka barabara yote kwa hatua zake za kawaida, akafika, akashika ukingo wa nguo.

"Zari hii ni nzuri," akasema. "Imeshonwa na mtu."

Swabir akamtoa kando ya lami. "Ndiyo, mama. Twende."

Bi Twaiba alikataa kuingia kwenye gari la Abdulrahim lilipowafikia. Alisema hapandi gari la asiyemjua. Kwa hiyo walirudi kwa miguu, yeye na Swabir, na gari likawafuata polepole nyuma, taa zake za tahadhari zikiwaka na kuzima mpaka uani. Abdulrahim hakushuka mara moja. Mishi alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Alikula nao, akaswali, akamfunika mama yake shuka, kisha akaondoka peke yake. Mlangoni alimwambia kaka yake kwamba habari ya joho wataizungumza. Mpaka leo hawajaizungumza, na Swabir hana haraka.

*

Sasa Swabir hufunga kibanda mapema. Magharibi ikikaribia, Bi Twaiba huchukua kipochi chake, naye Swabir hujitanda ule mtandio, wakatoka pamoja kuelekea Gazi, mwana upande wa barabarani. Huenda mpaka mama achoke au asahau alikokuwa akienda, kisha hugeuka. Baadhi ya jioni betri huisha, au zari hukatika penye mkunjo na upande mmoja ukazima, na kesho yake Swabir huutengeneza. Vijana wa bodaboda wamempa jina la Hoteli. Mwinga huwaambia wateja kwamba uzi wa mtandio ule ulitoka kwake, na Swabir hamkanushi.

Jioni moja Bi Twaiba alimtazama kwa muda, mwanga wa vitaa ukimpiga usoni.

"Wewe kijana ni mwema. Kila siku unanisindikiza. Mtoto wa nani?"

"Mtoto wa Bi Twaiba."

"Bi Twaiba wa Gazi? Mshona kofia?"

"Huyo huyo."

"Namjua," akasema, akamshika mkono vizuri ili avuke shimo. "Mwanamke wa maneno makali, lakini hana baya. Ukifika kwenu, mwambie nimemsalimu."

"Nitamwambia," akasema Swabir.